Kitabu cha Makadirio cha Tanganyika: Kipaumbele Kilipangwa Wapi?

Shikamooni wazee wetu mliofika kutoka Mikindani na Lindi, na karibuni wanafunzi. Jioni hii mtafanya mdahalo: katika bajeti ya mkoloni kitangulie nini, reli, shule au hospitali? Kabla hamjagawana pande, ni lazima mjue kitabu cha makadirio, yaani kitabu cha bajeti ya mwaka, kilivyofanya kazi. Ukikisoma kama cha leo utapotea.

Anzeni na ukumbi. Baraza la Kutunga Sheria lilikutana mara ya kwanza Desemba 1926, enzi za Gavana Donald Cameron. Ukimwacha Gavana, wajumbe wa serikali walikuwa 13, nao walipiga kura kama serikali ilivyotaka. Wasio wa serikali walikuwa 7: Wazungu 5 na Wahindi 2. Mwafrika hakuwemo hata mmoja hadi 1945, walipoteuliwa Chifu Kidaha Makwaia na Chifu Abdiel Shangali. Kwa hiyo mkulima wa Newala alilipa kodi ya kibanda kwa karibu miaka 20 bila mtu wa kwao wa kuuliza pesa imekwenda wapi. Hilo mlibebe mnapojadili. Mjumbe asiye wa serikali aliweza kupinga fungu, lakini hakuweza kupendekeza liongezwe bila idhini ya Gavana. Na juu ya Gavana kulikuwa na London.

Sasa fungueni kitabu, ila msikimbilie elimu. Tazameni kwanza yale yasiyoguswa: riba na marejesho ya mikopo, ambayo mingi ilikuwa ya reli, kisha pensheni, kisha mishahara ya maofisa. Mdororo wa 1929 ulipoporomosha bei ya mkonge, mapato yalishuka, riba ikabaki palepale. Mwaka 1932 Sir Sydney Armitage-Smith aliletwa kukagua fedha za nchi, na ushauri wake ukawa kubana matumizi. Mkopo una mkataba na pensheni ina sheria. Shule ya wilayani haina kinga hiyo, ndiyo maana panga lilishukia huko.

Kuna mtego mwingine ambao wengi hawauoni. Baada ya sheria ya Uingereza ya 1940 ya maendeleo na ustawi wa makoloni, ruzuku ya kujenga ilipatikana. Lakini jengo hujengwa mara moja, na mwalimu hulipwa kila mwezi. Atakayesimama hapa kudai zahanati ataje na fungu la matumizi ya kawaida litakalomlipa mganga na kununua dawa mwaka wa pili, la sivyo amedai kuta tupu.

Tuje kwetu Kusini, maana hapa ndipo penye uzito. Pesa kubwa kuliko zote zilizomwagwa katika jimbo hili hazikupita kwenye bajeti ya Tanganyika. Mpango wa Karanga wa 1947, mradi wa Uingereza wa kulima karanga za mafuta, ulilipiwa na hazina ya Uingereza. Ulitaja mashamba makubwa 107 ya ekari 30,000 kila moja, na 55 kati ya hayo yalipangiwa Jimbo la Kusini. Pigeni hesabu: ekari 1,650,000. Bandari ya maji marefu hapa Mtwara na reli ya kwenda Nachingwea zilipimwa kwa shehena ya ekari hizo, wala si kwa mizigo iliyokuwapo. Mapema 1951 mpango ukaachwa, na takriban pauni milioni 36 zikafutwa vitabuni kama hasara. Ujenzi wa bandari ulikuwa umeshaanza, ukaendelea hadi 1954. Reli nayo ikafikishwa Masasi 1958, karanga hazipo. Ikategemea korosho, nazo huja kwa msimu, ilhali dereva wa treni, fundi na mlinzi wa stesheni wanataka mshahara miezi 12. Reli ikafungwa 1962, na vyuma vikang'olewa.

Sasa masharti ya mdahalo. Mwaka wenu ni 1949, nanyi ni wajumbe wasio wa serikali. Anayetaka kuongeza fungu ataje na fungu la kupunguza, kwa jina na kwa shilingi. Haruhusiwi kugusa riba wala pensheni. Upande wa reli utaje shehena itakayopakiwa mwezi wa Machi, korosho zikiwa zimekwisha. Upande wa shule uanze na mishahara ya walimu, majengo baadaye. Wa reli wakae kulia kwangu, tuanze na wao.