Hapo ni pa Mlilana

ZUHURA: Karibuni tena wapenzi wasikilizaji. Tupo hapa Ngamiani, Tanga, mimi Zuhura pamoja na mwenzangu Mbwana.

MBWANA: Shikamoo dada.

ZUHURA: Marahaba, mdogo wangu. Naona leo simu haitoki mkononi.

MBWANA: Kuna sauti inazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp. Mtu anasema haya mabadiliko ya tabianchi ni maneno ya Wazungu, wanataka tubaki maskini, joto limekuwepo tangu enzi. Anaongea kwa uhakika, na sauti ina uzito. Mama yangu mdogo kanitumia na swali moja: huyu ni mkweli? Nimekaa nalo siku mbili.

ZUHURA: Kajitaja jina?

MBWANA: Hakujitaja.

ZUHURA: Kasema nani kapima, wapi, lini?

MBWANA: Hakuna.

ZUHURA: Basi hapo ndipo ninapoanzia mimi. Mtu akiniambia jambo kubwa namuuliza umejuaje. Charles Keeling, Mmarekani, alianza mwaka 1958 kupima hewa ya ukaa, ile inayozidisha joto la dunia, pale Mauna Loa, Hawaii. Akakuta chembe kama 315 katika kila chembe milioni za hewa. Keeling keshafariki, kipimo hakijasimama, na sasa tumepita 420. Namba zinawekwa hadharani, yeyote mwenye intaneti anaziona. Huyo wa kwenye sauti hajatupa hata pa kwenda kumkagua.

MBWANA: Lakini dada, hasira yake ina msingi. Afrika nzima hewa chafu tunayotoa haifiki hata asilimia 4 ya dunia, na mafuriko yanatukuta sisi.

ZUHURA: Hilo kweli tupu, na nitalisema popote. Ila dhuluma haifanyi habari kuwa uongo. Aliyekudhulumu anaweza kukwambia nyumba inaungua, na ikawa inaungua kweli. Tena wapo waliojua mapema. Wanasayansi wa kampuni ya mafuta ya Exxon walikuwa wakikokotoa ongezeko la joto tangu miaka ya 1970, na hesabu zao zimekuja kuonekana zilikuwa sawa. Nje, kampuni ikawa inawaambia watu mambo haya hayana uhakika.

MBWANA: Na bomba letu la mafuta ghafi je? Kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani hapa Tanga. Watu watasema Zuhura kaogopa kulitaja.

ZUHURA: Siogopi. Vijana wetu wamepata kazi pale, nami nimefurahi kwa ajili yao. Ila mtu akiniambia mafuta yale hayana uhusiano na joto, nitamuuliza yakishapakiwa melini yanakwenda kufanywa nini kama si kuchomwa.

MBWANA: Haya, tuje kwa wa kwetu. TMA, Mamlaka ya Hali ya Hewa. Mei 2024, Kimbunga Hidaya. Shemeji yangu anavua, anashushia samaki pale Deep Sea. Tangazo likatoka, vyombo vikavutwa juu, siku tatu nyumba haina kitoweo. Hapa Tanga tukaona upepo na mawingu, basi. Mpaka leo ukimtajia utabiri anakwambia wale waongo.

ZUHURA: Mafia wanasemaje? Kilwa wanasemaje?

MBWANA: Ndiyo nilivyomwambia. Kimbunga kilitua Mafia tarehe 4, na kule kusini mvua ikakata barabara ya Lindi. Hakikuja huku, lakini kilikuwepo.

ZUHURA: Na mimi kilichonipa imani si kwamba walibashiri kila kitu. Walikuwa wanarudi kila mara kutuambia kimefika wapi, na kilipoisha nguvu wakasema kimeisha nguvu. Mtu anayerudi kukwambia jambo limekuwaje, hata kama halikuwa kama alivyodhani, huyo nakaa naye. Sasa shemeji yako namwelewa pia. Siku tatu bila kuvua nani anamlipa? Tunamwambia mvuvi aamini tahadhari, na gharama ya kuamini tunamwachia peke yake. Hilo linaniuma sana.

MBWANA: Dada, waeleze basi habari ya mikoko.

ZUHURA: Ah, hiyo. Miaka kadhaa iliyopita nilijiunga na kikundi fulani kupanda mikoko huku pwani yetu. Tukagawiwa fulana, tukapigwa picha. Tukashuka na zile mbegu ndefu za mkoko, tukazichomeka mstari kwa mstari mbele kabisa, ukingo wa maji. Kulikuwa na bibi mmoja anaokota chaza, ndoo kichwani, khanga kaifunga juu ya magoti. Akasimama akatutazama. Akasema, "Hapo ni pa mlilana, wanangu. Mkoko hauwezi hapo."

MBWANA: Mkasemaje?

ZUHURA: Kiongozi wetu akamwitikia kwa adabu, "Sawa bibi," tukaendelea. Nami nilimsikia, nikaendelea. Mbwana, baada ya miezi mitatu nilirudi peke yangu maji yamekupwa. Hakuna hata mche mmoja. Matope matupu, na vijiti vichache vimelala. Kando tu, mlilana, aina nyingine ya miti hii ya pwani, uliojiotea wenyewe umesimama, mizizi yake imechomoza juu kama vigingi.

MBWANA: Maana mlilana ndio unaotangulia mbele.

ZUHURA: Mbele kule kwenye mawimbi ni pake. Mkoko unakaa nyuma yake, mkandaa ndani zaidi, na mchu utauona hata kule juu maji yanakofika bamvua tu, siku za maji makubwa. Wataalamu wa misitu wanalijua hili vizuri, limeandikwa. Bibi naye analijua kwa kutembea matopeni miaka yote. Sisi tulikuwa na fulana.

MBWANA: Kwa hiyo mzee na mtaalamu walikuwa upande mmoja.

ZUHURA: Mara nyingi wako upande mmoja, hawajakutanishwa tu. Ila si kila neno la mzee nalibeba, maana hata wazee wanapingana. Chukua Maziwe, pale mbele ya Pangani. Kilikuwa kisiwa chenye mivinje, kasa wanapanda kutaga. Leo fungu la mchanga, maji yakijaa linazama.

MBWANA: Babu yangu alisema watu walikata miti. Mwingine anasema bahari ndiyo imepanda.

ZUHURA: Kwa nini isiwe vyote? Ukikata mivinje, mchanga unabaki hauna wa kuushika. Bahari ikija juu hata kidogo, inakuta mlango wazi. Kati ya 1901 na 2018 bahari za dunia zilipanda kama sentimita 20 kwa wastani. Ni kama shubiri moja, lakini kwa kisiwa cha mchanga mtupu ni kitu.

MBWANA: Na kasa bado wanakuja kutaga palepale.

ZUHURA: Wanakuja! Na watu wa Ushongo hawakungoja ugomvi wa sababu uishe. Wanafukua mayai Maziwe, wanayabeba taratibu yasigeuke, wanayafukia upya ufukweni kwao. Kama miezi miwili hivi, watoto wanatoka mchangani wanakimbilia maji. Nimewahi kuwaona. Wadogo kuliko kiganja.

MBWANA: Sasa mama yangu mdogo nimwambie afanye nini? Yeye anauza maandazi, hana kisiwa.

ZUHURA: Ana mkutano wa mtaa. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inataka mita 60 kutoka ufukweni ziachwe bila majengo ya kudumu. Akiona mtu anamwaga zege ndani ya hizo mita, amuulize mwenyekiti mbele ya watu, na jibu liandikwe. Na kama ana uwezo wa gesi kwa sehemu ya mapishi, mkaa upungue. Lakini nisimdanganye, jiko lake moja halishushi bahari. Ule mkutano ndio una nguvu, wakienda wengi.

MBWANA: Na ile sauti?

ZUHURA: Asiisambaze. Amjibu aliyemtumia kwa swali lilelile, umejuaje.

MBWANA: Jumamosi hii bamvua. Yule bibi yupo bado?

ZUHURA: Yupo, nimeshazungumza naye. Safari hii tunakusanya mbegu za mlilana, na yeye ndiye atakayetuonyesha pa kuweka. Bwana misitu naye kakubali kuja.

MBWANA: Maji yanakupwa saa ngapi?

ZUHURA: Saa nne asubuhi. Tukutane saa tatu, na mje na viatu msivyovionea uchungu.