Vazi la Baridi na Kitambaa cha Kijani: Undugu Ndani ya Kasri la Wu Zetian

Asanteni kwa kuja. Kabla hatujaanza, mama mmoja aliyekaa hapa mbele ameniuliza swali, nami nikamwomba alishikilie mpaka nisimame, maana swali lake ndilo lililonileta. Amesema: "Mwalimu, kwenye hizi tamthilia za Kichina za makasri tunazoletewa kwa Kiswahili, akisingiziwa baba, wanabebwa hadi watoto wadogo. Hayo ni ya kutungwa tu, au yalikuwapo?"

Yalikuwapo, mama. Tena watunzi wa tamthilia mara nyingi hupunguza.

Leo nitawachukua katika zama moja tu, enzi ya Tang, miaka ya Wu Zetian, mtawala mwanamke wa China, na nitakaa kwenye kesi moja ya mwaka 692. Nimeichagua kwa sababu mtuhumiwa wake mkuu wengi wenu mnamjua kwa sura: Di Renjie, yule mzee mwenye ndevu anayefumbua mauaji. Huyu alikuwa mtu kweli. Alizaliwa mwaka 630, akafa mwaka 700. Yule mlinzi wake hodari wa kwenye runinga, Li Yuanfang, ni wa kubuni, na kesi nyingi mnazoziona zimebuniwa pia. Lakini tarehe za zamani, yaani vitabu vya historia, zinasema kwamba alipokuwa mahakama kuu ya dola aliamua, ndani ya mwaka mmoja, mashauri yaliyowahusu watu 17,000, na hakuna aliyerudi kulalamika kwamba amedhulumiwa. Sifa ya upelelezi imetoka huko.

Sasa nirudi kwa mama. Ili tuelewe kwa nini wanabebwa hadi watoto, lazima tuifungue sheria. Sheria ya Tang ilitangazwa mwaka 653, ina vifungu 502, na mtu anayeisoma kwa mara ya kwanza hushangaa jinsi inavyoulinda undugu. Mtoto akienda kumshtaki baba au mama yake serikalini, anayenyongwa ni mtoto. Ndugu wa karibu wakifichana makosa, hawaadhibiwi. Jambo hili lina mzizi wa kale. Confucius, mwalimu mkuu wa hekima wa China ya kale, aliambiwa na mtawala mmoja kwamba kwao kuna mtu mnyofu sana, baba yake alipojitwalia kondoo wa watu, yeye mwana akatoa ushahidi. Confucius akajibu kwamba kwao unyofu ni tofauti: baba humsitiri mwana, mwana humsitiri baba, na unyofu umo humo. Nimelitumia neno kusitiri kwa makusudi. Sidhani kuna lugha inayolibeba wazo hili vizuri kuliko yetu.

Basi undugu ni ngome. Lakini ngome hiyo ina mlango mmoja usio na komeo, nao ni uhaini. Likitajwa neno hilo, sitara yote inaanguka. Mhaini anakatwa kichwa. Baba yake, na wanawe waliofikisha miaka 16, wananyongwa. Watoto wadogo, mama, wake, mabinti na dada wanafanywa watumwa wa serikali, na mali inachukuliwa. Ndiyo maana kwenye kasri hakuna mchongezi anayepoteza muda kumsingizia adui yake wizi. Wizi unampata mwizi. Uhaini unaing'oa nyumba nzima, hata asibaki wa kulipiza kisasi. Mkiangalia tamthilia tena usiku wa leo, sikilizeni neno hilo linatamkwa wakati gani na nani. Hapo ndipo fundo lilipo.

Wu Zetian alilijua hilo kuliko mtu yeyote. Huyu ndiye mwanamke pekee katika historia ya China aliyetawala kwa cheo kamili cha mfalme, kuanzia mwaka 690, na jiji lake lilikuwa Luoyang. Mwaka 686, akiwa bado anatawala kwa jina la mwanawe, aliweka sanduku la shaba lenye sehemu nne ambamo mtu yeyote angeweza kutumbukiza barua. Aliyetaka kuja mjini kuchongea alipewa farasi wa serikali na chakula cha daraja la maofisa wakubwa. Kutoka katika uchongezi huo wakapanda watu kama Lai Junchen, ambaye kazi yake ilikuwa kutengeneza wahaini.

Mwaka 692 Lai Junchen aliwakamata maofisa saba kwa mpigo, Di Renjie akiwamo. Ilikuwapo amri kwamba anayekiri kwenye swali la kwanza anapunguziwa adhabu ya kifo. Di Renjie, mtu wa miaka 60 na ushei, akakiri papo hapo. Alisema, kwa maneno ninayoyafupisha, kwamba dola mpya ya Wu Zetian imekuja na mambo yote ni mapya, yeye ni ofisa wa dola ya zamani ya Tang, yuko tayari kuchinjwa, uhaini ni kweli. Walinzi wakalegea. Mtu aliyekwisha kiri analindwa na nani?

Mmoja wa wahoji, Wang Deshou, akamjia kwa upole kumshawishi amtaje ofisa mwingine, ili yeye Wang apande cheo. Mzee aliyekiri uhaini bila kupepesa jicho alikataa kumtaja mwenzake. Alikipiga kichwa chake kwenye nguzo mpaka damu ikamfunika uso, na Wang akaogopa akamwacha.

Nawaomba tukae hapa kwenye chumba cha gereza kidogo. Di Renjie anaomba kalamu ya brashi na wino. Anachana kipande cha hariri kwenye shuka la kujifunikia, anaandika juu yake jinsi alivyodhulumiwa. Ana vazi la baridi, la tabaka mbili, lililojazwa nyuzi za hariri kama sisi tunavyojaza sufi kwenye mto. Anakitia kile kitambaa ndani. Kisha anamwambia yule yule Wang Deshou: joto linaanza, tafadhali wapelekee watu wa nyumbani wanitolee haya majazo.

Ni ombi la mfungwa yeyote. Nguo inakwenda nyumbani kufanyiwa kazi ambayo familia pekee huifanya: kufumua mshono, kutoa nyuzi, kufua. Mchongezi anaweza kumnunua mlinzi, anaweza kumnunua karani, lakini hakuwahi kufikiria mikono ya nyumbani kwa mtu. Mwanawe, Di Guangyuan, akakiona kitambaa. Akaenda nacho moja kwa moja kuomba kuonana na mtawala, kwa mlango ule ule wa kutoa taarifa za hatari ambao wachongezi walikuwa wakiutumia. Fikirini ujasiri huo. Kwa sheria niliyowasomea, kijana huyu alikuwa tayari ana kitanzi shingoni kwa kosa la baba yake.

Wu Zetian akamwita Lai Junchen, naye akasema wafungwa wako salama, hata kofia na mikanda yao hawajavuliwa. Mtawala akatuma mjumbe, Zhou Chen, akaone kwa macho. Haraka haraka wafungwa wakavalishwa kofia na mikanda, wakapangwa upande wa magharibi. Mjumbe alimwogopa Lai Junchen kiasi kwamba hakuthubutu kugeuza uso kwao. Alitazama mashariki tu, akaitikia "naam, naam", akaondoka na barua za kughushi ambamo wafungwa eti wanashukuru kwa kuhukumiwa kifo. Nimesoma visa vingi vya makasri, lakini bado naona picha hii ya mtu anayetazama mashariki ndiyo inayoeleza utawala wa hofu kwa ukamilifu.

Kilichouvunja ukuta ni mtoto. Mwaka mmoja kabla, ofisa Le Sihui alikuwa ameuawa, na mwanawe, ambaye hajatimiza miaka kumi, alikuwa mtumwa katika idara ya maghala ya nafaka. Mama, hawa ndio wale watoto uliouliza habari zao. Mtoto huyo akapata nafasi ya kusema mbele ya mtawala. Akasema baba yangu amekufa, nyumba yetu imevunjika, ninachosikitikia ni sheria yako kuchezewa na Lai Junchen. Kama huniamini, mchague ofisa unayemwamini kuliko wote, mkabidhi kwa Lai Junchen kwa tuhuma ya uhaini, uone kama hatakiri.

Wu Zetian akamwita Di Renjie. Kwa nini ulikiri? Nisingekiri, ningekwisha kufa kwa mateso. Kwa nini uliandika barua ya kushukuru kifo? Sikuandika. Akaonyeshwa barua, ikajulikana ni ya kughushi. Wote saba wakasalimika na kifo, na Di Renjie akashushwa cheo kuwa hakimu wa wilaya huko Pengze.

Hapa tamthilia nyingi zingefunga pazia. Kesi hii ina mtu mwingine, na huyo ndiye anayeninyima usingizi. Miongoni mwa wale saba alikuwamo Cui Xuanli. Huyu alikuwa mjomba wa ofisa mmoja aitwaye Huo Xianke, mtoto wa dada yake. Mjomba amesalimika. Nyinyi mngetarajia mpwa afanye nini? Huo Xianke alisimama mbele ya mtawala akasema: usipomuua Cui Xuanli, niruhusu nife hapa mbele yako. Akakigonga kichwa kwenye ngazi za ukumbi, damu ikatiririka sakafuni, kuonyesha kwamba mtumishi mwaminifu hapendelei ndugu. Mtawala hakumsikiliza. Basi tangu siku hiyo Huo Xianke akawa anafunga jeraha lake kwa kitambaa cha kijani, na kila akivaa kofia anakiacha kichomoze kidogo, ili mtawala akione, ajue ni mwaminifu.

Watu wawili walimwaga damu ya vichwa vyao katika kesi moja. Mmoja aliukataa uchongezi dhidi ya mtu ambaye hata si ndugu yake, mwingine aliomba auawe kaka wa mama yake. Kwetu mjomba ni mtu ambaye ukiharibikiwa unakimbilia kwake. Uchina vile vile. Ndiyo maana waandishi wa tarehe walikihifadhi kile kitambaa cha kijani kwa zaidi ya miaka elfu. Serikali ya hofu ilikuwa inataka uthibitisho wa utii, na bei ya uthibitisho huo ikawa damu ya ndugu.

Na mtawala mwenyewe je? Wu Zetian alikuwa na tatizo la kifamilia ambalo Kiswahili kinatusaidia kuliona haraka. Wanawe walikuwa wa ukoo wa Li, ukoo wa mumewe. Ukoo wake, Wu, ulikuwa na wapwa, watoto wa kaka zake, na mmoja wao, Wu Chengsi, ndiye aliyekuwa akishinikiza Di Renjie auawe. Wapwa walitaka urithi. Kiti kibaki katika ukoo wa baba yake, wakasema. Lakini kwao yeye ni nani? Ni shangazi.

Di Renjie, aliporejeshwa juu kuwa waziri, alilishika neno hilo. Aliuliza: nani aliye karibu zaidi, shangazi na mtoto wa kaka yake, au mama na mwanawe? Ukimrithisha mwanao, baada ya miaka elfu utakuwa ukipewa sadaka za chakula katika hekalu la mababu. Sijapata kusikia mpwa aliyekuwa mfalme akamwekea shangazi yake sadaka hekaluni. Wu Zetian akamjibu jibu ambalo kila mmoja wetu amewahi kulisikia: haya ni mambo ya nyumbani kwangu, usiyaingilie. Naye akasema mtawala nyumba yake ni dunia nzima, jambo gani lisilokuwa la nyumbani kwake?

Mwaka 698 mwanawe aliyekuwa uhamishoni tangu 684 aliitwa, akafanywa mrithi. Wu Chengsi akafa mwaka huo huo. Mwaka 705 Wu Zetian aling'olewa madarakani, na alipokufa mwishoni mwa mwaka huo huo, wosia wake ulitaka avuliwe cheo cha mfalme, aitwe malkia, azikwe Qianling kando ya mumewe. Alirudi kuwa mke na mama, na sadaka akazipata.

Najua baadhi yenu mnataka nimalizie kwa kumsifu Di Renjie. Sitaweza kikamilifu. Watu wa Weizhou walimjengea hekalu akiwa hai, kisha akaja kufanya kazi huko mwanawe mwingine, Di Jinghui, mla rushwa mkubwa, na watu wakaivunja sanamu ya baba. Undugu uliomwokoa gerezani ulimwangusha Weizhou.

Nina kisa kimoja kilichobaki. Hakimo katika tarehe rasmi, kimehifadhiwa kwenye mkusanyiko wa visa vya enzi ile. Di Renjie, akiwa waziri mkuu, alikuwa na mama mdogo, binamu wa mama yake, aliyekaa kusini mwa jiji. Alikuwa na mtoto mmoja tu wa kiume, na hawakuwahi kuja kuomba chochote. Siku moja baada ya theluji, Di Renjie akaenda kumsalimu. Akamkuta kijana anarudi kuwinda, upinde begani, mkononi sungura na ndege wa porini. Kijana akaingia kumwandalia mama yake chakula, akamwinamia mgeni mkubwa kidogo tu, bila kujali. Di Renjie akasema: mama, mimi sasa ni waziri, niambie mdogo wangu anataka kazi gani, nitafanya ninavyoweza.

Mama mdogo akamjibu: uwaziri wako ni heshima yako. Mimi nina mtoto huyu mmoja, sitaki akamtumikie mtawala mwanamke.

Di Renjie aliona haya, akaaga. Ndani, kijana alikuwa bado anamhudumia mama yake chakula.