Bomba la Gesi Likija Nyanda za Juu, Nani Atabeba Deni?

UPENDO: Habari za huko Tukuyu, Makambako, Mafinga. Leo mimi na kaka Tumaini tunaongelea gesi asilia. Sisi wa Mbeya bomba si jambo geni, lile la mafuta la TAZAMA limepita kwetu tangu 1968 likipeleka mafuta Ndola, Zambia.

TUMAINI: Kilomita 1,710, dada. Wenyewe ni serikali mbili, Zambia theluthi mbili, Tanzania theluthi moja. Gesi ya visima vya Songo Songo na Mnazi Bay, kule pwani ya kusini, lakini, mabomba yake hayajafika huku.

UPENDO: Basi waitwe watu binafsi wajenge! Serikali ina shule na zahanati za kuhangaikia.

TUMAINI: Tuwatazame waliotangulia. Songas, kampuni ya gesi na umeme, ilianza kuleta gesi Ubungo, Dar es Salaam, 2004. Wanahisa wasio wa serikali yetu ndio waliokuwa na sehemu kubwa, TPDC, shirika la mafuta la serikali, na TANESCO, shirika la umeme, wakiwa na hisa chache. Ila fedha nyingi za ujenzi zilikuwa mkopo wa Benki ya Dunia kwa serikali, ambayo nayo ikaikopesha kampuni. Halafu TANESCO ikawa inalipia uwezo wa mitambo kila mwezi, umeme uchukuliwe usichukuliwe.

UPENDO: Lakini taa ziliwaka, kaka.

TUMAINI: Ziliwaka, na mkataba ulidumu miaka 20. Ninachouliza ni hasara ingemwangukia nani.

UPENDO: Haya, lile bomba la gesi la Mtwara hadi Dar es Salaam je? Lile ni la umma.

TUMAINI: La umma kabisa, chini ya TPDC. Mkopo wa Exim Bank ya China, zaidi ya dola bilioni 1.2, wakandarasi Wachina, uzinduzi Oktoba 2015. Linaweza kupitisha futi za ujazo milioni 784 kwa siku. Miaka ya mwanzo likapitisha sehemu ndogo tu ya hizo, na marejesho ya mkopo hayangoji bomba lijae.

UPENDO: Kwa hiyo umma umeumia mara zote mbili?

TUMAINI: Mara zote mbili umma ndio uliobeba hatari ya wanunuzi kukosekana. Mimi nasema bomba kuu liwe la serikali, maana ndiyo inayoweza kutwaa kisheria ardhi ya mkuza, yaani ukanda linapopita bomba. Ila lisichimbwe hata mtaro kabla wanunuzi hawajasaini.

UPENDO: Hapo nakuunga mkono, na wanunuzi tunao. Viwanda vya chai Rungwe na Mufindi vinakausha majani kwa kuni za mikaratusi, malori kwa malori. Kuna karatasi Mgololo, kuna saruji Songwe. Hao wasaini, na mabomba madogo ya kuingia viwandani na mitaani wajenge watu binafsi kwa fedha zao.

TUMAINI: Na EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ipange nauli ya kupitisha gesi, ili mwenye bomba asimkamue mwenye kiwanda.

UPENDO: Mimi roho yangu iko kwa mkulima wa viazi ambaye mkuza utakata shamba lake. Mwekezaji ana mwanasheria, serikali ina mwanasheria. Yeye atathaminiwa shamba, kisha akae misimu akisubiri fidia huku amekatazwa kupanda.

TUMAINI: Fidia ilipwe kabla ya tingatinga kufika. Iandikwe ndani ya mkataba wenyewe, na mkataba upelekwe bungeni tuusome wote.

UPENDO: Usomwe kabla ya kusainiwa, kaka. Ukishasainiwa tutakuwa tunasoma deni.