Obama wa Springfield: ile miaka tunaruka

Asanteni, kaeni. Wale wamesimama mlangoni ingieni, viti viko hapa mbele, sijui kwa nini watu wetu wanaogopa viti vya mbele.

Sasa mkinialika kuongea kuhusu Obama mnajua tayari nitaongea nini, wengine mmenisikia mara tatu nne. Novemba 6, 2008, Obama akiwa ameshinda urais wa Marekani, Rais Kibaki alitupatia holidei Kenya nzima, tukachinja, tukaimba, sawa. Kogelo, kijiji cha baba yake, mnaijua, White House mnaijua, sirudi huko. Lakini nikiuliza hapa huyu mtu alijifunzia siasa wapi, mnaniambia alikuwa seneta, na mnamaanisha ule useneta wa Washington. Mnaruka karibu miaka minane! Kuanzia Januari 1997 mpaka Novemba 2004 alikuwa seneta wa jimbo la Illinois, anawakilisha upande wa kusini wa Chicago, na bunge lenyewe haliko hata Chicago, liko Springfield, kilomita 300 na kitu kutoka nyumbani kwake, anaacha mke na watoto anaenda. Wako maseneta 59, na huko hakuna kamera za dunia zinakungojea mlangoni. Hiyo ndiyo kazi iko karibu na ile mnataka nyinyi vijana wa kugombea MCA, yaani mwakilishi wa wadi kwa bunge la kaunti, na hiyo ndiyo hakuna mtu anaisoma.

Miaka sita ya kwanza chama chake, Democrat, kilikuwa upande wa wachache. Wachache pale maana yake unaleta mswada, unapelekwa kwa kamati inayoamua nini kijadiliwe, na unalala huko mpaka ufe. Wanasiasa wengi wakiwa upande huo wanakaa tu wanapiga kelele wakingoja zamu yao. Yeye 1998 akakaa na watu wa Republican, chama pinzani, kina seneta Kirk Dillard, wakapitisha sheria ya kuzuia wabunge kupokea zawadi za hovyo kutoka kwa wanaowashawishi, na kutumia pesa za kampeni kwa mambo yao binafsi. Hebu fikiria kuwauzia waheshimiwa sheria kama hiyo.

Lakini ile mimi huwa nairudia, na leo nairudia tena, ni ya kamera. Sikilizeni vizuri.

Illinois ilikuwa na shida kubwa ya hukumu ya kifo. Kutoka 1977 walikuwa wamenyonga, yaani wameua kwa sheria, watu 12, na kwa wakati huo huo watu 13 waliokuwa wanangoja kuuawa wakapatikana kwamba hawakustahili kuwa pale, wakaachiliwa. 13 kwa 12! Gavana George Ryan, mtu wa Republican ambaye alikuwa anaunga mkono hukumu ya kifo, akasimamisha yote Januari 2000. Na kwa kesi kadhaa shida ilianzia wapi? Ilianzia kwa kile chumba cha polisi, mtu anahojiwa usiku kucha, asubuhi "amekiri". Chicago kulikuwa na kamanda anaitwa Jon Burge, alifutwa kazi 1993 kwa sababu ya mateso, watu weusi waliteswa mpaka wakakubali mauaji.

Basi 2003 chama cha Obama kimechukua Seneti, Emil Jones amekuwa rais wa Seneti, na Obama anabeba mswada kwamba kila mshukiwa wa mauaji akihojiwa, mahojiano yarekodiwe. Polisi hawataki. Waendesha mashtaka hawataki. Gavana mpya, wa chama chake mwenyewe, naye alikuwa amesema hataki. Sasa mheshimiwa wetu hapo angefanya nini? Angeita waandishi wa habari, aseme polisi ni wauaji, apigiwe makofi, aende nyumbani, na mswada ufe. Obama aliwaita polisi kwa meza. Pamoja na waendesha mashtaka, na mawakili wa utetezi, na watu wa haki za binadamu, wakakaa, wakarudi, wakakaa tena. Akawaambia polisi hii kamera inakulinda wewe pia, ukiwa hujampiga mtu mkanda unakuwa shahidi wako. Akakubali kurekebisha hapa na pale lakini kile kiini hakuachilia. Mwisho wa yote ukaenda kura na kwa Seneti hakuna hata mmoja aliupinga, gavana akatia sahihi, Illinois ikawa jimbo la kwanza Marekani kulazimisha hilo kwa sheria iliyopitishwa na bunge.

Kuna mtu tayari anasema moyoni mwalimu, MCA hana mamlaka juu ya polisi. Najua! Katiba yetu ya Kenya naijua, polisi ni wa serikali ya kitaifa. Na Kifungu cha 49 kinasema aliyekamatwa asilazimishwe kukiri, tumekiandika vizuri sana mwaka 2010. Mimi naongea juu ya ile meza. Nimekaa kwa vikao vya wananchi vya bajeti miaka mingi, na nimeona mwakilishi anauliza swali moja tu, basari za wadi yangu ziko wapi, halafu anatoka na simu sikioni. Na sisi wapiga kura ndio tumemfanya hivyo. Tunamuuliza mchango wa matanga, tunamuuliza fare, hakuna siku tumemuuliza uko kamati gani na umeandika nini.

Na msifikirie naleta malaika hapa. 1996 aliingia kwa kupinga zile sahihi za wapiga kura ambazo wapinzani wake walikusanya ili wagombee, mpaka wote wanne wakatolewa kwa karatasi ya kura, akabaki peke yake kwa mchujo wa chama, hiyo sheria iliruhusu lakini mimi haijawahi kunikalia vizuri. Na 2003 kuna wenzake walilalamika kwamba miswada waliyoihangaikia miaka mingi Jones alimpa yeye aibebe, na wana haki ya kulalamika.

Naona dada ananionyesha saa. Haraka haraka basi, 2000 alijaribu kumng'oa mbunge Bobby Rush kwa Kongresi, bunge la Washington, akapigwa vibaya, asilimia 61 kwa 30, akarudi Springfield kuendelea na kazi, hiyo nilitaka kuikalia lakini wacha. Zile kura zake 129 za "nipo", si ndiyo si hapana, kati ya kura kama 4,000, pia nilikuwa na maneno yangu hapo, mtaniuliza. Hata zile karata za poka alizokuwa anacheza na maseneta wenzake usiku, kina Terry Link, wa vyama vyote, hapo ndipo walianza kumuamini huyu mwalimu wa sheria wa chuo kikuu cha Chicago.

Haya, maswali. Tuanze na yule mama wa kitenge cha kijani, ameinua mkono kutoka niliposema matanga.