Ukimwita Mbwa, Ajue Anakuja Kulipwa

Hamjambo wote. Asanteni kwa kuja, na poleni na mvua. Naona mama mmoja amekuja na mtoto wa mbwa kwenye kikapu cha sokoni Kibuye. Usimtoe bado, mama, tutamhitaji.

Leo ni kufunza mbwa na paka bila kuwachapa, na nianze na kosa langu. Tukikaa Nyalenda nilikuwa na mbwa, jina lake Tiger. Siku moja lango liliachwa wazi, akatoka mbio hadi barabarani. Nikamwita karibu nusu saa. Aliporudi akitikisa mkia, nikavua slipa nikamchapa. Mimi nilidhani namwadhibu kwa kutoroka. Yeye alielewa kwamba bwana akikuita ukamwendea, unachapwa. Tangu siku hiyo nikimwita alikuwa anasimama hatua kumi hivi, anatazama miguu yangu. Miguu, si uso. Anaangalia kama slipa ipo.

Mnyama hana kesi ya jana. Kinachomfunza ni kile kinachofuata kitendo chake papo hapo, ndani ya sekunde moja au mbili. Jambo hili si la juzi. Mwaka 1898, Mmarekani Edward Thorndike aliwafungia paka wenye njaa ndani ya sanduku la mbao, samaki akamweka nje. (Ndiyo, samaki. Angekuja Dunga, ufukweni kwa wavuvi, asingehangaika.) Ili mlango ufunguke, paka avute kitanzi cha kamba. Mwanzoni anakwaruza huku na huku mpaka anakigusa kwa bahati. Akirudishwa mara nyingi, anakiendea moja kwa moja. Hakuna aliyemchapa, alirudia tu kile kilichompa samaki.

Sasa yule mbwa wako anayerukia wageni kwa makucha yenye matope. Tukimsukuma na kumpigia kelele, kwake huo ni mchezo. Mgeuzie mgongo, kimya. Miguu yote minne ikitua chini, hapo hapo mpe kipande cha nyama, kisizidi punje ya mahindi. Na mkubaliane nyumba nzima, kwa sababu shangazi akicheka anaporukiwa, mbwa atamrukia shangazi kila siku.

Kuhusu paka, wengi husema hafundishiki. Hao hao humrushia kiatu akipanda mezani, halafu wanashangaa anangoja watoke ndipo apande. Mbona amefundishika! Amejifunza kwamba meza ni hatari mkiwepo. Funikeni omena, yaani dagaa, mpeni kigoda chake, na akikaa hapo atupiwe kichwa kimoja. Anayekwaruza sofa naye msimgombeze, maana lazima akwaruze: ndivyo anavyobandua maganda ya kucha na kuacha harufu yake. Zungushia kamba ya katani kwenye gogo lisiloyumba, refu la kumtosha kujinyoosha, uliweke palepale kando ya sofa. Ukilipeleka nyuma ya nyumba umejisumbua bure.

Mzee hapa mbele ananiuliza: mbwa wa boma ukimdekeza, si atakuwa rafiki wa wezi? Mzee wangu, kile kibao cha "Mbwa Kali" langoni hakisemi ni mkali kwa nani. Mbwa wa mnyororo na fimbo anaishi kwa hofu, na mwenye hofu huuma aliye karibu, hata mtoto wa nyumbani. Tena, mpole au mkali, chanjo ya kichaa cha mbwa ni kila mwaka. Aliyeumwa aoshe kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha mbio hospitalini.

Tiger nilimrudisha kwa omena. Jioni nachuchumaa uani, nimempa ubavu, simtazami, kiganja wazi. Siku ya kwanza alisogea hatua tatu akasimama. Nikamtupia mmoja, nikaingia ndani. Ilichukua wiki sita pua yake kugusa kiganja changu, baridi na maji maji, na nikajizuia nisimshike. Tangu hapo sikumwita tena ili nimwogeshe au nimfunge. Kwa kazi hizo nilimwendea mwenyewe.

Haya mama, mtoe huyo mdogo kikapuni. Mwekeni chini, msimzingire. Asiite mtu zaidi ya mmoja. Na nani kaja na omena?