Saa 72 za mwanamke wa Kivu

Walimu, wanafunzi wa uuguzi na udaktari, ndugu zangu, asanteni kwa kunialika.

Mwanamke akibakwa njiani akitoka shambani, kule Kivu, mashariki mwa Kongo, saa 72 zinaanza kuhesabika. Akipata dawa za kumkinga na VVU ndani ya muda huo, na akazimeza kila siku kwa siku 28, ana nafasi kubwa ya kubaki salama. Muda ukipita, hazimfai tena. Sasa njia imefungwa na wenye bunduki, kituo cha afya cha karibu kimeporwa, muuguzi naye amekimbia na wanawe. Na hata akifika penye huduma, huenda akadaiwa pesa ya kadi kabla hajaulizwa kilichomleta. Katiba ya Kongo ya mwaka 2006, ibara ya 47, inasema haki ya afya inalindwa. Mimi ninaipima haki hiyo kwa saa hizo 72.

Mnamfahamu Daktari Denis Mukwege. Oktoba 1996 hospitali ya Lemera aliyokuwa akiiongoza ilivamiwa, wagonjwa wakauawa wakiwa vitandani. Mwaka 1999 akaanzisha hospitali ya Panzi, mjini Bukavu, Kivu Kusini, akikusudia akina mama wajifungue salama. Wakaanza kuletwa wanawake waliobakwa na kuumizwa vibaya. Mwaka 2018 alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani pamoja na Nadia Murad wa Iraki. Hayo yameandikwa sana. Ninaomba tukae zaidi kwa wale aliowatibu.

Oktoba 2012 watu wenye silaha waliingia nyumbani kwake, mlinzi wake akauawa, naye akakimbilia Ulaya na familia. Wanawake wa Kivu Kusini waliandika barua kwa wakubwa wakitaka arudishwe na alindwe. Hawakuridhishwa. Basi wakaanza kuuza mananasi na vitunguu, wengine wakitoka kisiwa cha Idjwi, wakusanye nauli yake ya ndege. Watu ambao mapato yao ya siku hayafiki dola moja! Januari 2013 akarudi. Tunapozungumzia wanaharakati wa haki ya afya, mimi ninawataja hao mama kabla ya mtu yeyote. Walijua wanachodai, wakakidai kwa jasho lao.

Wapo wanaosahaulika hata ndani ya mapambano haya. Watwa, wenyeji wa asili waliofukuzwa msitu wa Kahuzi-Biega, kulekule Kivu, miaka ya 1970, hawana shamba, hawana mananasi ya kuuza. Mgonjwa wao akitakiwa kulipa, hana pa kuanzia.

Mwaka 2025 waasi wa M23 waliuteka mji wa Goma Januari, Bukavu Februari, na miezi hiyohiyo Marekani ikakata misaada. Vifurushi vya dawa nilizozitaja viliadimika wakati vinahitajika kuliko siku zote. Uhai wa mwanamke wa Kalehe, Kivu Kusini, haufai kutegemea bajeti inayopitishwa Washington. Serikali za kwetu zinunue dawa hizi zenyewe, ziwekwe mapema katika kila kituo cha afya, hata kile cha mwisho kabisa milimani, na zitolewe bure.

Nanyi mtakaovaa sare: mama akifika, mpeni dawa kwanza. Msimrudishe kwa kukosa karatasi ya polisi. Kadi itaandikwa baadaye, na asitozwe hata senti.