Togwa, mtindi na hataza iliyokwisha muda

Ndugu wasindikaji, wanafunzi, na akina mama mliofunga safari kuja hapa, asanteni kwa kufika. Nimeombwa nizungumzie uvumbuzi wa kibayoteknolojia unaotumia bakteria wa asidi ya laktiki katika vyakula. Nitaanza na togwa, kwa sababu wengi wenu mmeshaipika.

Unasonga uji wa mahindi au mtama, mzito hasa, kisha unauacha upoe ubaki na uvuguvugu. Unatia unga wa kimea cha ulezi au uwele, unakoroga, na baada ya muda mfupi uji ule ule unalegea bila kuongezwa tone la maji. Unatia togwa kidogo ya jana, unafunika, unaulaza. Asubuhi umechachuka.

Hapo zimefanyika kazi mbili, na watu huzichanganya. Aliyelegeza uji ni kimea, kwa vimeng'enya vyake vinavyokatakata wanga. Waliouchachusha ni bakteria, wanaokula sukari na kutoa asidi ya laktiki. Kwa mama mwenye mtoto anayeanza kula, kazi zote mbili zina uzito. Tumbo la mtoto ni dogo. Uji mwepesi wa kawaida umejaa maji, unga haba. Uji uliolegezwa kwa kimea umebeba unga mwingi na bado unamezeka. Asidi nayo inavibana vijidudu vya kuharisha visizaliane katika chakula kinachokaa toka asubuhi hadi jioni kwenye nyumba isiyo na friji.

Jambo hili limepimwa. Mwaka 1994 Wilbald Lorri wa Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania, pamoja na Ulf Svanberg wa Sweden, walichapisha matokeo ya utafiti wa vijijini hapa Tanzania: watoto wadogo waliolishwa uji wa nafaka uliochachushwa waliharisha mara chache kuliko wenzao waliolishwa uji usiochachushwa. Naomba wanafunzi mkautafute utafiti ule muusome. Inaniuma kuona kijana anamaliza shahada ya sayansi ya chakula akijua historia ya mtindi wa Bulgaria, lakini hajawahi kusikia kwamba togwa imefanyiwa kazi ya kiwango hicho.

Ya Ulaya nitayapitia haraka. Louis Pasteur alieleza mwaka 1857 kwamba uchachu wa maziwa ni kazi ya viumbe hai. Joseph Lister, daktari mpasuaji, akafanikiwa kumtenga bakteria mmoja wa maziwa peke yake mwaka 1878. Kuanzia hapo viwanda viliweza kuacha kutegemea bahati ya maziwa ya jana na kutumia mbegu inayojulikana, yaani bakteria waliochaguliwa wa kuchachushia. Katika bakteria hao hao, aina iitwayo Lactococcus lactis, ikapatikana nisini, kinga asilia dhidi ya vijidudu vingine. Ilianza kuonekana mwaka 1928, na leo inahifadhi jibini nchi nyingi. Kwenye lebo huandikwa E234.

Lakini mbegu ya kiwandani ina adui: virusi wanaoshambulia bakteria. Wakiingia kwenye tangi, maziwa hayagandi, na shehena nzima inaharibika. Watafiti wa kampuni ya Danisco, wakiwemo Rodolphe Barrangou na Philippe Horvath, walitaka kujua kwa nini baadhi ya Streptococcus thermophilus, bakteria wa mtindi, hunusurika. Mwaka 2007 walionyesha kwamba bakteria aliyenusurika huchukua kipande cha vinasaba vya yule virusi na kukihifadhi ndani ya vinasaba vyake mwenyewe, ili virusi huyo akirudi atambuliwe na kukatwa. Mfumo huo unaitwa CRISPR. Emmanuelle Charpentier na Jennifer Doudna waliugeuza kuwa mkasi wa kukata na kuhariri vinasaba, wakapata Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2020. Kwa hiyo mtu akikwambia kwamba sayansi ya maziwa ni sayansi ndogo, mweleze hilo.

Sasa nije kwenye uvumbuzi ninaotaka tuujadili zaidi ya wote. Sherwood Gorbach na Barry Goldin, wa Chuo Kikuu cha Tufts, Marekani, walimpata bakteria katika utumbo wa mtu mwenye afya njema. Anavumilia asidi ya tumbo, na anajishikiza kwenye kuta za utumbo. Waliomba hataza, yaani haki ya kisheria ya kumiliki uvumbuzi kwa muda maalumu, mwaka 1985, na bakteria akaitwa Lactobacillus rhamnosus GG, kwa herufi za majina yao ya ukoo. Kampuni ya Valio ya Finland ikamwingiza sokoni mwaka 1990. Miaka ikapita, hataza ikaisha muda.

Hapo ndipo Waholanzi wawili, Wilbert Sybesma na Remco Kort, walipojiuliza: dawa ikimaliza muda wa hataza, yeyote anaweza kuitengeneza kwa bei nafuu, kwa nini bakteria asiwe hivyo? Mwaka 2009 wakaanzisha taasisi ya Yoba for Life. Jina GG ni alama ya biashara ya wenyewe, kwa hiyo wao wakamwita bakteria yule Yoba 2012. Kulikuwa na kikwazo: bakteria huyu hawezi kuitumia sukari ya maziwa, ukimtia peke yake hakuna cha maana kinachotokea. Wakamwekea mwenza, Streptococcus thermophilus, anayeivunja sukari ya maziwa na protini zake, na Yoba akapata chakula. Wote wawili wakakaushwa wakawa unga katika pakiti ya gramu 1. Mtengenezaji anaanza na lita 1 ya maziwa, anailaza. Kesho yake ile lita inachachusha lita 100. Wasindikaji wadogo wa Uganda wamejenga biashara juu ya pakiti hiyo, na Kenya na Tanzania nako imefika. Mwanza walikuwa wameanza mapema zaidi: tangu 2004 wanawake wa kikundi cha Tukwamuane walitengeneza mtindi wenye bakteria GR-1 wa mtafiti Gregor Reid, kwa ushirikiano na Western University ya Kanada.

Niseme wazi jambo moja, maana nimeona matangazo. Msiuze mtindi huu kama dawa. Utafiti mkubwa uliochapishwa Marekani mwaka 2018, kwa watoto waliofikishwa hospitali wakiharisha, haukuona GG akiwasaidia zaidi ya unga usio na kitu. Uzeni chakula kizuri na salama, kinachodumu kuliko maziwa mabichi, na chenye kipato kwa aliyekitengeneza. Hayo yanatosha, na ni ya kweli.

Pia pakiti haikuondolei kazi. Chemsha maziwa hadi nyuzi 85 au zaidi, yapoze hadi 45 ndipo utie mbegu, funika, tunza joto. Ukitia yakiwa ya moto sana umewaua bakteria. Na yakikataa kuganda wakati umefanya kila kitu sawa, muulize mfugaji kama ng'ombe alichomwa sindano ya ugonjwa wa kiwele. Penisilini kidogo tu ikibaki kwenye maziwa inatosha kumzima thermophilus. Mfugaji asiyesubiri siku zilizoandikwa kwenye chupa ya dawa anamtia hasara msindikaji na kumnywesha mlaji dawa asiyoandikiwa.

Limebaki swali la nani anamiliki. Kwa Mkataba wa Budapest wa 1977, anayeomba hataza ya kiumbe hadubini asiyepatikana kirahisi huweka sampuli yake katika ghala linalotambulika. GG yupo Marekani, katika ghala la ATCC, kwa namba 53103. Na bakteria wa togwa ya Songea, wa mursik, maziwa ya kuchachusha ya Wakalenjin wa Kenya, inayolazwa kwenye kibuyu kilichosuguliwa kwa mkaa, wa maziwa ya ngamia ya Wasomali? Wengi wameshasomwa na kuandikwa katika majarida. Itifaki ya Nagoya ya 2010, makubaliano ya kimataifa, inadai idhini na mgawanyo wa faida kabla ya kuchukua rasilimali ya namna hiyo, pamoja na ujuzi wa jadi uliofungamana nayo. Kwa hiyo, wanafunzi wangu, mnapokwenda kijijini kuchukua sampuli, bibi aelezwe kwa lugha anayoielewa mnachotaka kufanya, akubali au akatae, na jina la kijiji chake na namna anavyochachusha viandikwe kwenye daftari la maabara kabla chupa haijafungwa. Bila maandishi hayo, siku bakteria yule akiingizwa kwenye hataza, bibi hatakuwa na cha kudai.

Karibuni maswali.